Funza Waliohamia kwa Mama Cherehani

"Na huyu je? Huyu naye alikuja kupimwa suruali?"

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mama Cherehani, fundi nguo wa chumba cha kwanza, ameinua ufagio. Kwenye ncha yake anajinyonganyonga funza mnene. Miguuni pake amechuchumaa jirani wa chumba cha tatu, msichana wa miaka ishirini na mitatu, akiwazoa wengine kwa kipande cha boksi. Ua umejaa wapangaji, mmoja na mswaki bado mdomoni, maana hakuna anayekubali kuja kusimuliwa.

"Shikamoo kwanza, mama."

"Marahaba ya nini, na wadudu wako wamelala kwenye vitambaa vya wateja? Leo ama zangu ama zao. Mwenye nyumba nimeshampigia."

Hapo msichana anaacha kuzoa. Mapipa yake manne yanakaa nyuma ya bafu kwa hisani ya huyo mwenye nyumba. Yakiondolewa, hana pa kuyapeleka, na kazi imekwisha.

Mtaa mzima unamwita Fundi Funza. Lilikuwa jina la dhihaka. Sasa amelichora mwenyewe kwenye mkokoteni wake. Kila jioni hupita migahawani kukusanya maganda na makombo yaliyokuwa yakitupwa mtaroni, akawalisha funza wa nzi fulani mweusi, mwembamba, asiye na haja na sahani ya mtu. Wakinenepa huwauza kwa wafuga kuku. Kinachobaki pipani ni mbolea. Mwezi ukiwa mzuri, hapo ndipo inapotoka kodi na ada ya mdogo wake.

"Nilipoanza, mama yangu mzazi aliniuliza nimerogwa na nani," anasema. "Siku hizi ananitunzia maganda."

Sasa jana kulitokea nini? Mpishi mmoja alimpa ndoo ya mchuzi uliolala. Akaona haya kukataa, akaumimina wote pipani bila kuuchanganya na maranda ya mbao.

"Nimewagharikisha watoto wa watu. Nani anakaa kwenye nyumba iliyofurika? Wamehama."

Mwenye nyumba anaingia, vifungo vya shati vimepishana. Mama Cherehani anaeleza kwa mikono yote miwili, wapangaji wanatia chumvi bila kuombwa. Mzee anamgeukia msichana. "Haya, mwanangu, jitetee."

Hajitetei. Macho yake yako ukutani, yanafuata njia waliyopita funza.

"Baba, kosa ni langu. Lakini hebu tazama. Wameruka chumba cha pili, hata hodi hawakupiga, wakaenda kujichimbia kwenye vipande vya nguo chini ya meza. Wanataka pakavu, penye giza. Na mimi miezi yote nawachambua kutoka kwenye makombo kwa mkono mpaka mgongo unaniuma, kumbe nikiwaonyesha njia watatoka wenyewe."

Anatoka mbio, anarudi na bomba la plastiki lililopasuliwa katikati. Ncha moja anaizamisha pipani, nyingine anaielekeza kwenye ndoo tupu.

"Mama, naomba vile vipande unavyochoma."

"Vile vinavyotutoa machozi," anadakia mwenye mswaki.

"Wewe sukutua, povu linakushuka," anajibiwa na Mama Cherehani. Lakini vipande vinaletwa, vinajazwa ndooni.

Wanasubiri. Funza mmoja anatokeza kichwa, anapanda bomba, anadondoka ndooni na kuzama kwenye vitambaa. Wa pili anamfuata. Halafu ni msafara, na watu wazima wanasukumana kuchungulia. Aliye mbele kabisa, magoti chini, ni Mama Cherehani.

"Yule anakwenda upande, jamani, ataanguka nje. Hapa panataka pindo." Anachana utepe wa kitambaa, anaubana ukingoni mwa bomba. Funza anagusa utepe, anarudi njiani.

Mwenye nyumba anacheka mpaka anashika ukuta. "Mapipa yabaki. Ila kila pipa liwe na njia yake. Na mchuzi tuachie sisi."

Fundi Funza anaongea kama anayekimbizwa. Vijana wa mtaa wa pili wamekuwa wakimwomba awafundishe, naye alikuwa akiwakatalia kwa sababu ya kule kuchambua. "Sasa waje. Kila ua na pipa lake, mtaro ubaki wa maji tu."

"Waje, pindo nitashona mimi," anasema Mama Cherehani, akijipangusa magoti. "Lakini sishoni na njaa, wala wewe hujatia kitu tumboni tangu jana, nakuona. Kanawe. Kwa sabuni, tena mara mbili. Halafu uingie ndani tule."