Nilimwongezea Mpwa Wangu Inchi Tano za Mikono

Nimekosa, wala sitaki kumsingizia shetani. Shetani hajui kushika futi! Aliyeishika ni mimi, fundi cherehani wa miaka ishirini hapa Malvern, na aliyeumia ni mpwa wangu mwenyewe.

Nimwite Hamisi, ingawa si jina lake. Ni mtoto wa dada yangu, ana miaka ishirini na moja, kazaliwa hapa hapa Johannesburg. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza na Kizulu, na "Mjomba" moja katikati ili usikasirike. Yuko chuo, anacheza mpira wa kikapu. Jamani, anacheza!

Ngoja nikueleze taratibu, maana hata mimi nilikuwa sijui. Vijana wa vyuo wakikaribia kumaliza, vilabu vya kulipwa hukaa mezani na kuwachagua, kila klabu ikitaja jina moja kwa zamu. Usipotajwa, umerudi nyumbani. Kwa hiyo kabla ya siku hiyo hutumwa watu wa kuwatazama: wanavyocheza, wanavyomsikiliza kocha, hata wanavyopokea kufungwa. Kisha wanapimwa mwili, na kipimo kinachopendwa sana ni mikono. Unasimama umeinyoosha kama kamba ya kuanikia nguo, unapimwa kutoka ncha ya kidole hiki hadi ncha ya kile. Mwenye mikono mirefu kupita kimo chake anaweza kumzuia hata anayemzidi urefu.

Basi siku hiyo nilikuwa nimepeleka jezi za timu chuoni. Nikamkuta mtu wa klabu aliyetumwa kuwatazama vijana, Mkongo wa Bukavu tunayemwita Papa Didi. Urefu aliwapima mwenyewe ukutani. Mikono ikamshinda, kwa sababu futi yake ilikuwa ya chuma, ya seremala, kila akiivuta inajikunja na kumrukia puani.

"Fundi," akaniita, "weye ndiyo unajua kupima batu. Nisaidie, mimi ntaandika."

Nikapima vijana kumi na mmoja, nikasema ukweli mtupu. Akaja Hamisi. Inchi sabini na tano.

Hapo ndipo mazoea ya kazi yaliponiponza. Unajua Januari ilivyo hapa Jules Street: wazazi wanaleta watoto kushonewa sare, na kila mama ana wimbo mmoja, "Fundi, weka nafasi, atakua." Miaka ishirini naweka nafasi! Ulimi ukaweka wenyewe: inchi mbili mkono huu, mbili mkono ule, moja ya pindo.

"Themanini!" nikasema.

Papa Didi akaacha kuandika. "Themanini? Hii ni mikono ya mutu ama ya koti?"

"Ya mtu," nikajibu, jasho likinitoka. "Ukoo wetu ndivyo tulivyo."

Ukoo gani? Mikono yangu mimi haifiki hata mfuko wa nyuma!

Hamisi akaninong'oneza kwa Kiingereza chake, "Eish, Mjomba, unafanya nini?"

"Nyamaza. Utakua."

"Nina miaka ishirini na moja!"

Chini ya fomu kulikuwa na mstari mmoja mtupu, wa anayemfahamu mchezaji kusema lolote. Papa Didi akaniuliza aandike nini. Nikamwambia themanini inatosha. Ningejua!

Wiki mbili baadaye Hamisi akaitwa kwenye majaribio ya klabu, katika ukumbi mmoja kule Bertrams. Tukaenda, mimi na dada.

Naomba ulielewe vizuri kosa langu. Hamisi si mzuiaji, ni mgawaji. Anajua mpira utakwenda wapi kabla mwenye nao hajaamua, na anamwona mwenzake aliyesahauliwa pembeni. Hiyo ndiyo kazi aliyojifunza tangu utotoni. Lakini kocha alisoma karatasi, akaona themanini, akamsimamisha chini ya kikapu amkabe jitu moja lililoinama ndipo likapita mlangoni.

Mpira wa kwanza ukapita juu yake. Wa pili ukapita juu yake. Wa tatu, jitu lilimtazama kwanza kwa huruma, ndipo likaupitisha.

"Ruka, Hamisi!" dada akapiga kelele.

"Nimeruka, Mama!"

Hakugawa mpira hata mmoja siku ile. Mwisho wakampima upya kwa ubao wao. Sabini na tano! Papa Didi akaja hadi nilipokaa, karatasi mkononi.

"Fundi, huyu kijana mulimufula na maji ya moto? Nguo ndiyo inapungukaka, mutu hapana!"

Ukumbi ukacheka. Na mimi nikacheka kidogo, kisha nikaona uso wa Hamisi. Walidhani ni yeye aliyedanganya.

Nikasimama, nikamwambia kocha mbele ya watu wote kwamba ni mimi. Akanisikiliza, akaikunja karatasi, akaondoka.

Siku ya kuchagua tulisikiliza majina kwenye simu ya dada, mpaka la mwisho. La Hamisi halikutajwa.

Nilipomfuata Papa Didi kumwomba radhi, hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Alisema, "Fundi, mimi nilikuya juu ya macho yake. Ule mutoto anaonaka. Mikono sikuiomba."

Kila Ijumaa dada hunitumia bakuli la pilau. Ijumaa iliyofuata nililetewa kisahani cha chai, vijiko viwili vya wali, na ujumbe: "Aongeze nafasi mwenyewe." Ikawa hivyo Ijumaa nne mfululizo!

Juzi Hamisi akaingia dukani na fomu mpya. Bado ana mwaka mmoja chuoni. Akanyoosha mikono katikati ya vitambaa, akaangusha boksi la vifungo.

"Pima," akasema, kwa Kiswahili. "Papa Didi ataniangalia tena. Amesema upime wewe wewe."

Nikapima mara mbili. Sabini na tano, nikaandika sabini na tano. Akaisoma karatasi, akasoma tena, ndipo akashusha mikono. Kwenye ule mstari wa chini nikaandika: "Anamwona mwenzake kabla hajaitwa."

Enyi wajomba na mashangazi wenzangu, nawasihi! Nafasi iacheni kwenye sketi za shule. Mkiulizwa habari za mtoto wenu, mpimeni kama alivyo, kisha semeni lile jema mnalolijua. Lipo, na huenda ndilo lililomleta mtu mlangoni kwenu.

Bakuli langu bado halijarudi. Ila Ijumaa iliyopita, kisahani kilikuja kimejaa mlima.