Uyoga wa Shinani

Katika idara ya bustani ya manispaa walimwita Mama Fagio, na hakuwahi kulichukia jina hilo. Kwa miaka kumi na minne alifagia barabara zenye miti, akapalilia mashina, akakusanya matawi, maana mti huangusha bila kuomba ruhusa na nyapara hataki kuona jani chini. Wageni wakubwa walipotarajiwa, kazi ilizidi. Hapo alikwangua kila uchafu kwenye mashina, kisha akayapaka chokaa kutoka chini hadi usawa wa kifua, ili barabara ipendeze macho. Alikuwa mwanamke mpole, mfupi, mwenye kusali kimoyomoyo kabla ya kushika fagio, na chokaa yake ilinyooka kuliko ya mtu mwingine yeyote pale kazini.

Mdogo wake wa kiume alikuwa mpanda miti wa idara hiyo hiyo. Wenzake walimwita Tumbili, naye akajibu kwa jina hilo bila kinyongo, kwa sababu kweli alipanda kana kwamba ardhi ilikuwa inamchoma nyayo. Mungu amrehemu. Siku aliyokufa alikuwa amepanda mti mkubwa mbele ya zahanati, akate tawi lililoegemea nyaya za umeme. Alipofika katikati, shina lilivunjika chini karibu na udongo, likaenda naye. Ndani lilikuwa limeoza, laini kama mkate uliolowa maji.

Wakubwa wakaja, wakapiga picha, wakaandika. Karatasi yao ilisema mfanyakazi hakuukagua mti kabla ya kupanda. Mti ulioharibika kiasi kile, walisema, lazima ulikuwa na dalili nje, na mtu wa uzoefu wake angeiona kama angeangalia.

Mjane wake alilishika neno hilo na halikumtoka tena. Asubuhi ile yeye na mumewe walikuwa wamegombana kwa ajili ya shati ambalo halikupigwa pasi. Ugomvi wa nyumbani tu, ambao jioni ungekuwa umesahaulika. Lakini alikuwa amemwambia, "Nenda huko kwenye miti yako, labda yenyewe inakuvumilia," na hayo ndiyo yakawa maneno yake ya mwisho kwake.

"Alitoka na maneno yangu kichwani," alikuwa akimwambia Mama Fagio. "Ndiyo maana hakuangalia."

"Wifi, mimi nilikuwepo. Aliuzunguka mti wote."

"Kuzunguka siyo kuangalia, wifi yangu. Mtu anaweza kuzunguka soko zima akarudi nyumbani hajui alichokiona."

Mama Fagio alikuwa mjane naye, na Mungu hakumjalia mtoto. Baada ya mazishi alimchukua wifi yake pamoja na binti mdogo wa marehemu, wakaishi wote katika vyumba vyake viwili. Mtoto alilala kwa shangazi yake, mguu mmoja juu ya tumbo lake kila siku, na Mama Fagio alikaa hivyo hivyo hadi alfajiri bila kuusogeza.

Mwaka wa pili manispaa ikatangaza nafasi za masomo ya utunzaji wa miti na usimamizi wa mandhari, kila Jumamosi kwa mwaka mzima, na mwisho cheti. Aliyemsukuma kuomba alikuwa wifi yake. Alimjazia fomu mwenyewe, maana alikuwa amesoma hadi sekondari, na Mama Fagio aliishia shule ya msingi.

"Soma, wifi, ili siku moja uwe wewe wa kusema mti huu mtu asiupande."

Nyapara aliposikia alicheka hadi akashika mlango. "Mama, utakaa darasani na watoto hao? Na macho hayo?"

"Nitakaa mbele, baba. Wenye macho mazuri wakae nyuma."

Kweli alikaa mbele. Jumapili baada ya ibada, wifi yake alichukua daftari na kumwuliza maswali wakati maharage yakichemka. Majina ya miti ya Kilatini yalimtoa jasho. Mtoto aliyashika kabla yake, akawa anamwita paka wa jirani kwa jina la mkaratusi, nao wakacheka, kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa imekisahau. Nyakati kama hizo Mama Fagio alimshukuru Mungu kwa sauti ndogo, akijua kwamba furaha ile ilikuwa imejengwa juu ya kaburi, lakini ilikuwa furaha.

Mwezi wa nne wa masomo, mwalimu wao, bwana mwembamba aliyependa kufundisha kwa vitu vya kushika mkononi, aliingia na boksi. Akatoa kitu kigumu cha rangi ya kahawia, chembamba pembeni na kinene nyuma, akakizungusha darasani.

"Hiki ni nini?"

"Soli ya kiatu, mwalimu," kijana mmoja alisema, na darasa likaangua kicheko.

"Basi kiatu hicho kimevaliwa na mti. Ni uyoga. Huota shinani. Mkiuona, mjue kwamba ndani mti umeanza kuoza miaka mingi iliyopita. Hauumizi mti kwa nje. Unatoa habari tu."

Uyoga ukafika mkononi mwa Mama Fagio. Hakuhitaji kuambiwa. Aliujua uzito wake, aliujua ukingo wake mweupe. Vitu vitatu kama hicho vilikuwa vimeota kwa mstari, kama rafu ya vikombe, chini ya mti wa mbele ya zahanati. Wiki moja kabla ya kifo cha mdogo wake, wageni wakitarajiwa, aliviangusha kwa mgongo wa panga kimoja baada ya kingine, akavitupa kwenye toroli, akapaka chokaa juu ya makovu yake. Nyapara alipita akasema, safi sana, mama.

"Kuukwangua siyo kuutibu mti," mwalimu aliendelea. "Ni kumnyima habari anayekuja baada yako. Na ukipaka chokaa juu yake, hata ufa hauonekani."

"Sasa mpandaji atajuaje?" akauliza mwanafunzi wa nyuma.

"Atajulia wapi? Atauzunguka, ataona mti msafi, atapanda."

Mama Fagio aliuweka uyoga mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai. Hakuandika hata neno moja siku hiyo. Alichokuwa anakiona ni mdogo wake asubuhi ile, akiuzunguka mti mara mbili, akiinama, akiinuka, akiweka kiganja shinani. Kisha akamgeukia na kiganja kilichojaa weupe. "Dada, umeupaka poda huu kama bi harusi. Nani sasa atauoa?" Naye alikuwa amecheka. Utani ule aliufunga moyoni mwake miaka yote miwili, hakumwambia mtu, kwa sababu ulikuwa kitu pekee alichobaki nacho cha kwake na mdogo wake.

Jumapili wifi yake alifungua daftari.

"Wifi, mbona ya jana ni ukurasa mtupu?"

"Kalamu iliisha wino."

Wifi akaichukua kalamu, akachora mistari miwili mizito. "Hii?"

"Basi itakuwa ilichoka tu, kama mwenyewe."

Wifi akacheka, akafunga daftari. Jumamosi iliyofuata Mama Fagio alisema kichwa kinamuuma, hakwenda. Alikaa kwenye kigoda uani na kupima mambo. Akisema, mjane wa mdogo wake atajua kwamba si ugomvi wa shati uliomuua mumewe. Lakini atajua pia ni mkono wa nani, na nani tena atakaa na mkono huo sahani moja. Akinyamaza, atabaki na wifi, atabaki na mtoto na mguu wake mdogo, na wifi ataendelea kujiita muuaji. Aliomba Mungu amwonyeshe njia ya tatu. Hakuonyeshwa.

Jumamosi ya pili hakwenda tena. Kesho yake, walipokuwa wakichambua mchicha, wifi alimkazia macho.

"Unaacha masomo?"

"Umri, wifi. Yamekuwa mazito."

"Umri ulikuwepo tangu mwanzo." Akasita, sauti ikashuka. "Usiache, nakuomba. Mimi niliua mtu kwa mdomo wangu. Angalau wewe usome, tuokoe mmoja. Ndicho kitu kinachoniamsha asubuhi."

Hapo Mama Fagio akashindwa. Alikung'uta mikono, akaipangusa kwenye kitenge, akasema.

"Hukuua mtu. Mti ule ulikuwa na alama, na mimi niliitoa."

"Alama gani?"

"Uyoga. Shinani, vipande vitatu. Wiki moja kabla niliambiwa nisafishe, nikasafisha. Nikapaka chokaa. Sikujua maana yake, wifi, haki ya Mungu sikujua, nimeambiwa darasani. Mdogo wangu aliangalia. Aliangalia vizuri. Hakukuwa na cha kuona kwa sababu nilikuwa nimekiondoa."

Mikono ya wifi ilikuwa imesimama juu ya mchicha.

"Aliangalia?"

"Mara mbili. Akaushika kwa kiganja. Akanitania kwamba nimeupaka poda kama bi harusi."

"Alitania? Asubuhi ile?"

"Alitania."

"Hakuwa na hasira."

"Hakuwa nayo. Alikuwa yeye yule yule."

Wifi alijifunika uso kwa ncha ya kitenge, akalia. Mama Fagio alikuwa amemsikia akilia mara nyingi katika miaka ile, lakini kilio hiki kilikuwa kingine, kirefu, cha mtu aliyetuliwa mzigo begani na bado hajaamini. Alitaka kumshika bega. Akanyoosha mkono, akaurudisha.

Wifi alipomaliza alijifuta macho, na sauti yake ilikuwa tulivu.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Jumamosi ile ya ukurasa mtupu."

"Majuma mawili." Akahesabu kwa kutazama mbali. "Uyoga siwezi kukulaumu, hukuujua, na kama kuna wa kulaumiwa ni waliokupa panga bila kukufundisha. Lakini majuma mawili, wifi. Majuma mawili unanisikia najiita muuaji, tunakula pamoja, na wewe una dawa, mdomo umeufumba."

"Niliogopa mtaondoka."

"Najua ulichoogopa."

Akaurudia mchicha, akauchambua wote.

Kesho yake Mama Fagio alikwenda ofisini akiwa na barua aliyoiandika kwa mkono wake, mistari kumi na mmoja, akieleza alichokikwangua na kwamba marehemu aliukagua mti. Bwana wa ofisi aliisoma akiwa amesimama.

"Mama, jambo hili lilishafungwa. Unajitafutia matatizo ya nini?"

"Lilifungwa vibaya, baba. Naomba barua iingie humo humo kwenye faili, na unigongee muhuri kwenye nakala."

Akaibana kwenye faili, zaidi kwa kumhurumia. Jioni ile Mama Fagio alimpa wifi yake ile nakala. Wifi aliisoma neno kwa neno, akaikunja mara nne, akaiingiza katika mkoba aliokuwa tayari anaufunga.

"Nitamwekea mtoto. Asije akasoma ile karatasi ya wakubwa peke yake."

Jumatano wifi na mtoto wakaondoka kwenda kwa mama mzazi wa wifi. Mtoto alikuwa amevaa sweta ingawa jua lilikuwa kali, maana mkoba ulijaa.

"Shangazi, na wewe unakuja?"

"Nina masomo, mama."

"Ukimaliza masomo?"

Mama Fagio alimtazama mama wa mtoto. Wifi alikuwa anahangaika na zipu ya mkoba.

"Usije kwanza, wifi," alisema bila kuinua uso. "Sikuchukii. Nikiwa tayari nitakuita mwenyewe."

Hivyo ndivyo walivyoachana, bila ugomvi, wakapeana mkono kama watu waliokutana zahanati.

Masomo aliyamaliza, na cheti alikipata. Sasa ni mkaguzi. Katika idara ile hakuna mti unaopandwa kabla yeye hajapita, na hakuna shina linalopakwa chokaa, amegoma kabisa. Nyapara alinung'unika mwanzoni, kisha akazoea. Wapo wapandaji watatu vijana, wanamtania kwamba anauliza mti habari za afya kuliko anavyowauliza wao, naye anatabasamu. Hakuna hata mmoja wao aliyeanguka.

Wifi hajaita. Ni mwaka wa pili huu, na Mama Fagio hajakwenda, kwa sababu aliambiwa asiende. Kila usiku katika sala yake anamtaja marehemu kwanza, kisha mjane, kisha mtoto, mwisho yeye mwenyewe. Kwa ajili yake huomba kifupi tu. Halafu huinuka, na kitanda kilivyo kipana siku hizi, hulala ukingoni vile vile, akiacha nafasi.