Sauti ya Mama Kwenye Fleshi ya Shirley

Yunia Chelangat wa Merigi hakuwahi kumwonea mtu wivu wa nguo, wala wa shamba, wala wa mume. Jirani akiezeka nyumba ya mawe, yeye alikwenda kusaidia kupika, akarudi kwake na moyo mweupe. Wivu ulimwingilia mahali ambapo hakuwa ameweka mlinzi: kwenye kompyuta.

Alikuwa fundi wa maabara ya kompyuta katika shule moja ya upili ya wasichana, na mke wa Kipngeno, mkulima wa majani chai na ng'ombe wachache. Mama yake mzazi alipoanza kuugua, Yunia alimketisha jikoni karibu na moto, akawa anamrekodi akitamka maneno ya Kipsigis: majina ya miti, ya ndege, ya vyombo vya nyumbani ambavyo watoto wa siku hizi huviita kwa Kiingereza. Mama alipofariki, Yunia aliyaunda maneno yale kuwa programu. Mwanafunzi analiona neno, analibonyeza, analisikia likitamkwa na sauti ya mama huyo.

Aliitoa bure, lakini kwa namna yake. Programu huandikwa kwanza kwa maandishi ambayo binadamu anaweza kuyasoma, yaani msimbo. Kisha msimbo huo hugeuzwa kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kukiendesha. Kule kugeuza Yunia alikuita kupika. Yeye aligawa msimbo mbichi, na kila shule ilitakiwa iupike kwenye mashine zake yenyewe. Sababu alikuwa nazo, na zilikuwa za kweli. Kompyuta za shule nyingi ni za msaada, hii haifanani na ile. Tena mwalimu akiona neno halitamkwi hivyo kwao, aweze kufungua msimbo na kulirekebisha bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Sababu nyingine hakumwambia hata Kipngeno. Walimu hawakujua kupika, kwa hiyo walimwita yeye. Jumamosi alifika na laptopu yake, akakaribishwa ofisini, akamiminiwa mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu, na mashine zikisaga msimbo asubuhi nzima yeye alisimulia habari za mama. Wanafunzi walisimama mlangoni wakimtazama. Siku za kazi alikuwa mtu wa kuitwa printa inapokwama. Jumamosi alikuwa mgeni wa heshima.

Siku moja alimpigia Joan, mwalimu wa shule moja ya Soin, kupanga siku ya kwenda huko.

"Usisumbuke, madam," Joan akamjibu kwa furaha. "Tayari iko! Shirley alipita hapa juzi na fleshi, kila kitu kiko tayari ndani. Unachomeka, unabonyeza mara mbili, kwisha. Alimaliza maabara yote kabla ya chai ya saa nne."

"Shirley gani?"

"Si yule binti wa Wambugu, yule mwenye duka la hadiwea, misumari na mabati, pale Londiani. Msichana mzuri sana huyo. Tulimchinjia kuku."

Yunia alishukuru, akakata simu, akabaki ameishika. Kuku! Yeye kila shule ilikuwa ikimpa mursik na mkate tu.

Alitafuta nakala ya kile kitu cha Shirley, akakichomeka kwenye mashine ya shuleni. Kwenye uso wa programu jina lake lilikuwa juu: Imeandikwa na Yunia Chelangat, Merigi. Chini yake, kwa herufi ndogo: Imefungashwa na Shirley Wambugu. "Anajifanya mnyenyekevu," Yunia akasema peke yake. Akaisaka kasoro kama mtu anayetafuta chawa, asiipate. Akabonyeza neno la kwanza. Sauti ya mama ikatoka palepale, safi, bila kusubiriwa, bila jasho la mtu, kana kwamba mama alikuwa na binti mwingine.

Jioni Kipngeno alimwona anakoroga ugali kwa hasira.

"Si ulitaka watu waitumie?" akamwuliza.

"Nilitaka waitumie. Sikutaka waitumie hivyo."

"Hivyo vipi?"

Yunia akasema moshi unamchoma macho.

Mambo yaliharibika kwenye mkutano wa walimu wa kompyuta mjini Kericho. Mwenyekiti alikuwa Mzee Hezekiah, naibu mwalimu mkuu anayekaribia kustaafu, mtu mpole. Shirley alikuwa mstari wa mbele na kalamu mkononi. Mazungumzo yalipofika kwenye programu ya Kipsigis, kila mtu akamsifu Shirley kwa kurahisisha mambo. Yunia akasimama.

"Mimi nawaonya," akasema. "Kitu kimepikwa tayari, hamwezi kukifungua mkaona ndani yake. Kinaweza kuwa na virusi. Kinaweza kuiba habari za wanafunzi, na hamtajua."

Hapo alikuwa na haki ya kusema, na angeishia hapo watu wangemsikiliza. Lakini alimwona Shirley akiandika kila neno kwa utulivu, na ule utulivu ukamchoma.

"Tena niulize, tangu lini maneno yetu yakagawanywa na watu ambao si wetu?"

Wambugu si jina la Kipsigis, na wote walielewa anayesemwa. Katika sehemu zile kila mtu mzima anajua maneno kama hayo yamewahi kuwafikisha watu wapi: nyumba kuchomwa, majirani kufukuzwa. Mzee Hezekiah alivua miwani, akaifuta, asiivae tena.

Shirley alisimama, akajibu kwa Kipsigis, kile cha mtu aliyekulia ndani yake. Alisema lugha hiyo alifundishwa na akina mama wa mtoni alikokuwa akiteka maji, na hakuna hata mmoja wao aliyemwuliza ni wa nani. Alisema hajaficha kitu: anayetaka achukue msimbo wa Madam Yunia, aupike mwenyewe, alinganishe. Kisha akaketi, na kalamu hakuigusa tena.

Hofu ilifanya kazi yake. Shule kadhaa zilifuta programu ile. Yunia akawa anasubiri simu, kwa kuwa sasa, alifikiri, watarudi kwake. Jumamosi zikapita kimya. Walimu hawakurudi kwenye msimbo mbichi. Waliacha tu, na wanafunzi wakarudia michezo ya magari. Sauti ya mama ikanyamaza katika maabara baada ya maabara, na aliyeinyamazisha alikuwa bintiye. Hilo Yunia alilijua, na bado, jina la Shirley likitajwa, alibadilisha mazungumzo.

Simu ilipokuja ilikuwa ya Joan. Shule yake haikuwa imefuta chochote, ila walikuwa wamepewa kompyuta nyingine, kuukuu sana. "Hii ya Shirley imekataa kabisa kwa hizi za zamani," alisema. "Unaweza kuja?"

Aibu ilimshika Yunia kwa furaha aliyoipata, lakini furaha yenyewe haikuondoka. Asubuhi alipiga pasi nguo yake nzuri huku akiimba.

Soin kulikuwa na joto. Alianza kupika msimbo, mistari ikawa inashuka kwenye kioo polepole kama ng'ombe wanaorudi nyumbani. Alikuwa ameketi hivyo, kifua mbele, Shirley alipoingia.

"Chamgei, madam," Shirley akasalimu. "Mwalimu Joan aliniita pia. Mimi nilifunga ya mashine mpya peke yake. Hizi sikuwa nazo za kujaribia." Akavuta kiti. "Naweza kuangalia vile unafanya?"

Yunia alitaka kukataa, lakini akasogeza kiti chake kidogo. Wakakaa pamoja wakitazama mistari. Mchana programu ikaamka, na wasichana waliokuwa wakichungulia wakaitwa ndani. Mmoja akabonyeza neno la kibuyu. Mama akalitamka, kisha akakohoa kidogo. Wasichana wakacheka.

"Hiyo kukohoa, Shirley, si ungeikata?" Joan akasema.

"Haikatwi, mwalimu. Imekatazwa."

"Na nani?"

Shirley akamtazama Yunia kabla ya kujibu. "Ndani ya msimbo kuna mahali ameandika: Hapa mama alikohoa. Tafadhali usikate."

Yunia akaukumbuka. Mstari ule aliuandika wiki ya mazishi, akausahau. Msimbo wake aliubeba shule nyingi, akahubiri kwamba uzuri wake ni kufunguka, mtu yeyote ausome. Hakuna aliyeufungua. Wote waliomnywesha mursik hawakusoma hata ukurasa. Aliyefika kwenye kikohozi cha mama yake alikuwa mmoja.

"Ulisoma mpaka hapo?" akauliza.

"Nilisoma yote. Singeweza kufunga kitu sijui ndani iko nini." Shirley akatabasamu kidogo. "Unaandikanga vizuri, madam."

Wasichana walipotoka, Yunia akasema, macho yakiwa sakafuni, "Nilikutupia maneno mabaya kule Kericho."

"Ndiyo." Shirley hakumrahisishia. "Baba aliyasikia. Aliniambia niachane na hii kazi nirudi dukani."

"Nitayarudisha mbele ya walewale waliosikia."

"Sawa, madam."

Akayarudisha. Mkutano uliofuata alisimama akasema alichosema kilikuwa uovu, na hakikutokana na virusi bali na wivu. Wengine waliangalia madirisha. Mzee Hezekiah alimshukuru, akaendelea na ajenda. Shule zikaanza kuirudisha programu, si zote. Siku hizi Yunia hupika ile ya mashine kuukuu kwenye maabara yake, Shirley hupika ya mashine mpya, na msimbo mbichi huwekwa pembeni kwa anayeutaka. Mpaka sasa ameutaka mwalimu mmoja tu, ili asahihishe jina la ndege.

Wivu wenyewe haujaisha. Mwezi uliopita shule moja ya hapohapo Merigi, nyumbani kwa Yunia, ilimwalika Shirley aje awaonyeshe programu. Shirley akapiga simu: "Madam, twende wote?" Yunia akasema ana kazi shambani. Akaingia kwenye majani na kikapu, akachuna kwa hasira, machanga na yaliyokomaa, mpaka Kipngeno akamwambia hayo hayatapokewa kwenye kituo cha kununulia chai.

"Wamemwita yeye, kwetu," Yunia akasema.

"Na yeye si amekuita wewe?"

Yunia aliendelea kuchuna kidogo. Kisha akaweka kikapu chini, akanawa mikono, akabadilisha viatu, akaenda. Alifika watu wameshaanza kula. Kiti kilichobaki kilikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango. Akakikalia.