Bibi yangu alivyomfungisha Ramadhani paka wa mgeni, Kinondo

Wakuu, salamu kwenu mlio kazini na mnaojifanya mko kazini.

Hiki kisa ni changu mwenyewe na sijakitia chumvi. Aliyeniponza ni bibi yangu mzaa baba, na kwa kuwa ametangulia mbele ya haki, nitajitahidi nisimsingizie.

Ilikuwa miaka ya tisini mwishoni. Nilikuwa room steward kwenye hoteli moja ya Galu, casual, mkataba umebakisha wiki moja. High season, wageni wamejaa, na mwaka ule Ramadhani iliangukia humo humo.

Mnakumbuka vile vidude vya plastiki vya kuning'iniza kwenye funguo? Kama yai, kioo kidogo, vitufe vitatu, na ndani unafuga mnyama. Akilia njaa unamlisha, akichafua unamsafisha, ukimsahau anakufa. Siku moja ya kwetu, kwake ni mwaka mzima.

Sasa kulikuwa na familia ya Wajerumani, na binti yao Lena wa miaka minane alikuwa na paka ndani ya kidude hicho. Jumapili wakawa wanaenda safari Tsavo, siku sita. Baba mtu akasema hataki pii pii mbele ya simba.

Lena akanikabidhi mimi. Kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, na karatasi ya maelekezo aliyoichora mwenyewe.

Housekeeper wetu, mama mmoja wa bara, alikuwa amesimama pale pale. Walipoondoka akaniambia, "Huyu mtoto akilia Saturday, wewe usiniulize mambo ya contract."

Kazini hukuruhusiwa kuwa na kitu kinacholia mfukoni. Nikampeleka paka nyumbani Kinondo, kwa bibi niliyekuwa nikiishi naye. Angekuwa mbwa nisingethubutu, lakini paka kwetu ni mtu wa nyumbani.

"Shikamoo bibi. Nimekuletea mgeni."

"Marahaba, mume wangu. Mgeni gani huyu asiyebisha hodi?"

Nikamwonyesha vitufe. Bibi hakujua kusoma, lakini kufikia Jumatatu alikuwa anaijua kila sauti. Akamfunga kwenye pindo la leso na kumwita "mke mwenzangu".

Jioni ile ya kwanza aliniuliza, "Ana umri gani?"

Nikabonyeza. "Mitano."

"Basi bado mtoto. Ale."

Nikadhani ni mazungumzo tu. Kila jioni akauliza, nami nikajibu. Sita. Saba. Nane. Na kila jioni nilimkuta paka kashiba, moyo wake kwenye kioo umejaa, anarukaruka. Nililala usingizi mnono, wakuu. Asubuhi nampa housekeeper ripoti: paka mzima.

Ijumaa narudi kabla ya magharibi, bibi yuko kwenye mkeka, hana utani. Akanipa kidude. Kwenye kioo kuna kaburi dogo na nyota juu yake.

"Inna lillahi," akasema. "Alasiri hii."

"Bibi! Hukumlisha?"

"Nimlishe mchana wa Ramadhani? Jana si ulisema tisa? Leo ana kumi!"

Hapo ndipo yote yakatoka. Tangu nilipomwambia saba, bibi alikuwa anamfungisha nusu siku, kama tulivyofunzwa sisi sote mle nyumbani. Anampa chakula adhuhuri, halafu magharibi anamfuturisha mpaka anavimba. Ndiyo maana nilimkuta kashiba. Na kwa bibi, ukitimiza kumi ulifunga siku nzima, utake usitake.

"Nilimwamsha ale daku," akasema, "akakataa. Amelala, taa kazima."

"Bibi, paka hafungi!"

"Paka hahesabiwi miaka. Huyu ana miaka, ana jina, ana saa ya kulala. Mimi ningejuaje?"



Nikataka kufanya ujanja. Ukibonyeza vitufe viwili pamoja, yai jipya linatokea. Bibi akanipokonya. "Umpe mwenzio mtoto wa mwingine, umwambie ndiye wake? Kesho naenda mwenyewe kutoa pole. Na usihuzunike sana. Ijumaa, Ramadhani, saumu mdomoni! Watu wazima wanaiomba mauti hiyo."

Jumamosi akavaa leso mpya tukaenda. Askari wa geti akamkatalia. Bibi akamwambia ana msiba ndani. Geti likafunguliwa, maana pwani hakuna anayemzuia mtu wa msiba.

Gari la safari likafika, Lena akanikimbilia. Aliponiona uso, akajua.

Baba yake akacheka kidogo, kwamba bonyeza tu, utapata mwingine. Housekeeper naye akasema it's only a toy, huku ananikazia macho. Mtoto analia bila sauti.

Bibi akakaa chini kwenye vigae vya reception, akamvuta Lena akae naye, akamshika mkono. "Pole, mwanangu. Nimemuua mimi, kwa kutojua."

Sasa kazi ya kutafsiri ikawa yangu. Kijerumani changu chote kilikuwa cha taulo na breakfast. Kilichotoka ni: "Paka. Hakuna breakfast. Hakuna lunch. Kwa ajili ya Mungu." Wazazi wakanitazama kama mtu mwenye homa.

Lena akauliza swali, nikalielewa. Je, bibi yeye alikula?

"Sikula," bibi akasema. "Njaa yake na yangu ilikuwa moja." Halafu naye akalia, kweli kweli. Lena akalaza kichwa mapajani mwake. Mimi niliyekuwa nawaza mkataba ikabidi nitazame feni ya juu.

Kesho yake wakati wa lunch housekeeper ananiita kwa kelele. Lena amekataa chakula tangu asubuhi, akiulizwa anaonyesha jua kwa kidole. "Ona sasa! Umefanya guest afunge!"

Nikapiga baiskeli mpaka Kinondo. Bibi alicheka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, kisha akanipakulia bakuli la tambi. "Kimbia. Mwambie nusu siku imetosha, nisije nikapata msiba wa pili."

Nilipita reception na tambi mkononi. Lena alizila zote kwa mkono, akaomba nyingine.

Mkataba nilipewa, miezi mitatu. Housekeeper alisaini bila kunitazama.

Nilichojifunza: kuuliza si ujinga, na mjinga pale nilikuwa mimi niliyejibu umri siku tano bila kuuliza unatakiwa wa nini. La pili, sisi wote tulimwambia yule mtoto paka wake ni toy. Aliyemuua ndiye pekee aliyemhesabu kuwa ni kiumbe, na mtoto aliliona hilo kabla yetu.

Wenye elimu ya dini, nisaidieni: paka wa betri ana udhuru gani? Na kama nawe uliwahi kumlilia mmoja, usione haya, tuambie hapa alikufa kwa nini.