Chairman alipofanya injini yetu ya maji kuwa ya ndege ya vita

Wakuu, habari za jioni. Hii niliiona na macho yangu. Kama kuna mtu wa kwetu Mbumbuni humu, anirekebishe nikiteleza.

Miaka ya themanini tulikuwa na tajiri mmoja tuliyemwita Chairman. Alikuwa chairman wa shule, wa soko, mpaka wa project ya borehole, kisima chetu cha injini. Labda ni punda tu hawakumchagua.

Siku moja akaleta ndege mbili za kijeshi kwa lori, zimezeeka kabisa. Akajenga banda kubwa ya mabati. Mafundi wakapiga msasa, wakapaka rangi, zikang'aa.

Kwa ukuta akaandika MUSEUM.

Museum, wakuu! Na sisi tunachimba mchanga mtoni tukitafuta maji.

Injini ya borehole ilikuwa "imeenda kutengenezwa Nairobi". Chairman mwenyewe ndiye aliipeleka. Ukimuuliza, spare hazijafika.

Mimi nilikuwa nafanya kazi Mwingi, narudi nyumbani mara moja moja. Mke wangu Kalekye alikuwa na mimba kubwa, na ndiye alikuwa akishuka mtoni na punda. Miguu ilikuwa imefura.

Siku ya kufungua museum, pastor akaomba, kwaya ikaimba. Wageni wa suti wakapiga makofi. Chairman akashika fimbo akaanza kutuelezea.

"Hii ndege ilipigana vita kali sana."

Na nani? Hakusema.

Tukafika kwa injini zilizotolewa kwa ndege, zimepangwa juu ya mbao, zote rangi ya kijivu. Akagonga ya mwisho na fimbo. "Na hii ilikuwa ya ndege ya vita. Imevuka bahari."

Kalekye akasogea mbele. "Chairman, hiyo ndege ilikuwa ikiwashwa na hendeli?"

Tukaangalia. Hendeli ilikuwa pale pale, ile akina mama walikuwa wakizungusha kwa zamu kila asubuhi kuwasha injini ya borehole! Ilipakwa rangi tu.

Kwaya wakaangua kicheko. Pastor akainama kama anaomba tena.

"Mama, heshimu wageni," Chairman akasema.

"Wageni wameoga. Sisi hatujaoga."

Akina mama wakaingia, wakaishika. Sisi wanaume tukaamka usingizini, tukasaidia kuipandisha kwa mkokoteni. Chairman nyuma anapiga kelele, ati tunaharibu historia.

Injini haikuwa hata na shida. Tulipoifikisha borehole ilitiwa diesel tu ikanguruma.

Sasa sikieni huyu mtu. Wiki iliyofuata akaja borehole na wageni wengine, akasimama juu ya jiwe. "Kama mnavyoona, nimewaletea maji..."

Kalekye akasogea kwa injini. Alizungusha hendeli.

Injini ikanguruma, hotuba ikazama. Mdomo wa Chairman uliendelea kufunguka na kufungika, na akina mama wakaendelea kujaza mitungi.

Nilichojifunza: mtu akikuonyesha kitu kinang'aa, uliza kwanza kimetolewa wapi.

Haya, na kwenu Chairman wenu alifungua nini? Leteni.