Salongo ya Kufagia Mahali Safi

Nilitupa ufagio mbele ya ofisi ya shefu wa avenue, mukubwa wa mutaa wetu, mutoto wangu akiwa mgongoni. Asubuhi ile maji ya mufereji yalikuwa yameingia nyumbani na kulowesha mukeka wake, yakileta maganda ya ndizi, mavi, panya aliyevimba. Nilikuwa nimemuogesha na bado alinuka. Halafu nikaja kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kila samedi, yaani Jumamosi, nikakuta jirani zangu wanafagia kwa nyimbo mahali palipokwisha kufagiwa.

"Fagia nawe, Mama Bébé," jirani wa kiwanja cha juu mulimani akaninong'oneza. "Shefu anatokea."

Akatokea kweli, abacost yake, ile suti ya wakubwa wa serikali, imepigwa pasi. Migongo ikainama, vumbi likaruka. Yule jirani, ambaye tangu mvua zianze sijamuona na jembe, alitoka jasho kama anayechimba kaburi la baba yake.

Watu hao hao niliwaomba, mulango kwa mulango, tuzibue mufereji unaopita viwanja vyao vyote na kuishia kwangu, chini kabisa ya mulima. Kila mumoja alisema ndiyo. Hakuja hata mumoja. Yule wa juu ndiye alinipa ukweli, bila haya:

"Nikianza miye, bengine bataniangalia tu. Kesho bataniita boyi wa avenue."

Na hao wengine waliogopa kuchekwa naye vile vile. Si kwamba hawana huruma. Mutoto wangu angekufa, wangejaa kwangu wote na unga na kuni, walie mpaka sauti zikauke, maana kwenye matanga kila mutu anaona nani amekuja. Huruma ya namna hiyo inanuka kuliko mufereji.

"Okota ufagio yako," shefu akasema. "Unatuletea haya."

"Kuja kwangu uone haya!"

Wakacheka. "Masomo njo ilimuharibu, huyu!"

Lundi, yaani Jumatatu, nikapanda ofisi ya zone, kwa wakubwa wa shefu. Karani akauliza ninashitaki nani.

"Avenue nzima."

"Citoyenne, mama mwananchi, hiyo haiwezekani."

"Basi andika shefu."

Kalamu yake ikasimama. Nikaandika mwenyewe, nikasaini, akagonga muhuri:

"Ninamushitaki shefu wa avenue yetu kwa kutuita kila samedi kufagia mahali safi. Ninaomba salongo ijayo ifanyike kwenye mufereji, kuanzia kiwanja cha juu hadi nyumba yangu, naye asimame pale mwenyewe, viatu ndani ya matope, mpaka maji yapite."