Behewa 510510

Siku ya kwanza kazini niliripoti kwenye ghala la mbegu la Kimamba. Kazi hiyo niliiomba kwa sababu moja: paa la ghala lilionekana kutoka uani kwetu.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Hisabati ulipata nini?" aliuliza Mkuu wa Ghala, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia kifuani.

"C, mkuu."

"Tutaona kama ni ya kwako."

Akanipeleka relini, kwenye behewa kuukuu la mizigo lililoandikwa 510510. "Igawe kwa mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu na kumi na saba. Ukipata baki, niite."

Nilikaa juu ya gunia mpaka adhuhuri, baki sikuipata. Hizo ndizo namba tasa saba za kwanza, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Ukizizidisha zote unapata 510510 kamili, na ukiacha sifuri, hakuna namba ndogo kuliko hiyo inayogawanyika kwa zote saba. Nikarudi kifua mbele, kana kwamba namba ile niliizaa mimi.

Kuhakiki hati tulitumia kanuni ya tisa: unajumlisha tarakimu, unagawa kwa tisa, unaangalia baki. Namba ya behewa letu jumla yake ni kumi na mbili, baki tatu. Hati nayo ikitoa tatu, unasaini.

Msimu uliofuata mvua zilikuwa zimeshaanza behewa hilohilo lilipoleta mbegu za mahindi. Nikaandika hati ya kutolea mzigo: 501510. Jumla kumi na mbili, baki tatu. Nikasaini kwa mbwembwe.

"Behewa hili sina," Mkuu wa Stesheni akasema, akanirudishia karatasi.

Wakulima wa Malolo walikuwa wamengoja siku mbili. Mzee mmoja akaniambia taratibu, "Mwanangu, shamba limelowa, na mbegu naziona zile pale. Wewe unasoma nini?"

Mkuu wangu akachukua hati, akaandika namba ya behewa chini ya yangu. "Toa ndogo kwenye kubwa."

"Elfu tisa."

"Inagawanyika kwa tisa. Basi umepishanisha tarakimu, na kanuni ya tisa haioni kupishana. Gawa kwa kumi na moja. Hiyo humkamata jirani aliyekalia kiti cha jirani."

Nikagawa. Ya behewa haikubakiza kitu; yangu ilibakiza tisa.

Nilidhani atanifukuza. Akanipa baiskeli. Hati mpya ilitaka mhuri wa ofisi yetu kubwa Kilosa kabla ofisi hiyo haijafungwa, na mimi safari yangu ndefu kuliko zote hadi siku hiyo ilikuwa ya sokoni. Nilirudi magharibi, miguu haina habari na mimi. Asubuhi behewa likafunguliwa.

Baadaye nilihamishiwa Mikumi, kwenye ghala la kando ya barabara kuu, nikanung'unikia kelele za malori miaka yote niliyokaa kule. Makarani wapya niliwafundisha kanuni zote mbili. Wakaniita Mzee Kumi na Moja. Siku hizi simu ndiyo inasoma namba, na sina ugomvi nayo.

Nimestaafu, nashinda nyumbani, na sina hamu ya kwenda popote. Mahindi ya Malolo yalichelewa siku moja kwa kalamu yangu, lakini yalipandwa mvua ingali inanyesha, na mwaka ule yule mzee aliniletea gunia la mabichi mlangoni. Nilihesabu mahindi yote. Hayakugawanyika kwa kitu chochote, tukayala hivyohivyo.